Ndoo ya Maji ya Mvua

Sijatubu, na padri wangu anajua.

Miaka ile kila mtu aliitwa sitwayeni, yaani raia, hakuna bwana wala bibi, lakini katika maabara yetu ya Likasi shefu alibaki shefu na mimi nilibaki mwosha chupa. Kutoka pwani tuliletewa mawe yaliyolowa mafuta ya petroli. Wakubwa walitaka kujua kama sabuni ingeyang'oa mafuta yaliyonasa ndani, maana sisi tulishazoea kutumia sabuni kuielesha shaba juu ya povu, itengane na mawe. Shefu alisukuma maji ya sabuni kwenye mawe wiki nzima bila kupata kitu.

Siku moja alipokwenda kula, nilijaribu mwenyewe. Nilitumia maji ya mvua niliyokinga nyumbani, yale ninayofulia mashati ya kanisani. Maji yetu ya bomba yana chokaa, sabuni inagandia humo. Mama yeyote wa hapa analijua hilo. Mafuta yalitoka tone baada ya tone, meusi, nami nikacheka peke yangu.

Nilimwonyesha shefu, nikamwomba jambo moja tu: aniandikishe laborantini, msaidizi wa maabara, nivae koti jeupe. Aliahidi. Ripoti ilipotoka ilikuwa na jina lake peke yake, na mimi nikarudishwa kwenye karo. Kuhusu maji hakuuliza. Hajawahi kufua hata soksi, angeulizaje?

Kiangazi wakaja wageni kutoka Kinshasa, wote katika abakosti, zile suti zisizo na tai, kutazama maajabu yake. Akafungua bomba, akakoroga sabuni. Nilikuwa kwenye karo, ndoo yangu ya mwisho ya mvua iko miguuni, na moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha. Maji yakafanya mabonge meupe, yakaziba jiwe. Hata tone halikutoka. Jasho likamshuka, akanisogelea, akaninong'oneza.

"Mama, hii maji iko na nini?"

"Shefu, miye niko wa kuosha machupa tu."

Wageni walitazama saa zao, wakaaga. Koti jeupe sikulipata kamwe, sitaki kudanganya. Lakini walipokwisha kutoka nilimimina ndoo yangu kwenye karo, nikatia sabuni ileile yake, nikaanza kuosha chupa zake. Povu likapanda mpaka kwenye viwiko vyangu. Shefu alisimama akilitazama, na nikaosha polepole ili aelewe vizuri.