Unaona Mwanga?

Kazi yangu ni kuchungulia watu nyuma ya macho. Nikisema hivyo harusini, wanawake hucheka na kuvuta ushungi, wakidhani nitaona hata walichopika jana. Wengi wanajua kwamba daktari wa macho ni mtu wa miwani na mtoto wa jicho, basi. Hawajui kwamba nyuma kabisa, ndani ya jicho, kuna utandu mwembamba uitwao retina, ambao ndio unaopokea picha, na kwamba kuna mshipa mmoja unaoichukua picha hiyo mpaka kwenye ubongo. Ukishika lenzi yako vizuri na taa yako vizuri, unaviona vyote viwili vikiwa hai, bila kumkata mtu hata kidogo. Nimefanya kazi hii miaka mingi hapa Pemba, na bado kila nikiona retina nzima, iliyolala vizuri na rangi yake ya chungwa bivu, moyo wangu hufurahi. Mume wangu anasema nina wazimu. Namwambia heri wazimu wa retina kuliko wazimu wa mpira, kwa sababu retina hainilazi na njaa kwa kufungwa mabao.

Mimi ni mtu wa hamaki, kila anayenijua atakwambia. Simpendi mgonjwa mwenye sukari ya siku nyingi ambaye hajapimwa macho hata mara moja, kisha anakuja kiza kishaingia na kunambia, "Nilikuwa naona tu, daktari." Humgombeza mpaka wauguzi waniletee maji. Simpendi pia anayekataa dawa ya kupanua mboni mwezi wa Ramadhani kwa sababu jirani yake kamwambia itamfunguza. Huyo simgombezi. Huyo nampigia simu shehe mbele yake, shehe anamwambia tia, naye anatia, kisha tunazungumza bei ya ndizi.

Asubuhi moja waliingia wanawake wawili kutoka kisiwa cha Kojani, mmoja kamshika mwenziwe mkono. Nilizisikia sauti zao kabla sijawaona.

"Kuna kidaraja hapo, nyanyua mguu."

"Nshakijua."

"Ungekijua usingejikwaa kile cha getini."

"Getini ulinivuta wewe."

Walikuwa wake wenza. Mume wao alishafariki zamani, watoto wana miji yao, na wao wakabaki nyumba moja, mke mkubwa na mke mdogo, wanateta tangu alfajiri mpaka isha. Mkubwa alikuwa mshonaji wa kofia za viua, na vidole vyake vilikuwa vikichezacheza juu ya kanga kama bado vimeshika sindano. Jicho lake la kushoto lilikufa miaka mingi iliyopita. La kulia, alilokuwa akishonea, lilianza kuingia wingu mwezi wa mfungo tatu, na wiki chache baadaye likafunga kabisa.

Nikamuuliza anataka tumsaidie nini. Wengine husema nataka nisome Msahafu, nataka nimuone mjukuu. Yeye aliinua kidevu.

"Sitaki mengi, mwanangu. Nataka nende chooni peke yangu. Nshachoka kushikwa nkono na nke mwenzangu kama bibi harusi."

"Na mimi nshachoka kukushika," akasema mdogo.

Nikamtia dawa, nikangoja, nikachungulia. Sikuona kitu. Sukari ilikuwa imeidhoofisha mishipa midogo ya retina, mmoja umepasuka, na damu imejaa ndani ya jicho. Kipimo cha mawimbi ya sauti kikanionesha kilichojificha nyuma ya damu ile: retina ilikuwa inavutwa, na upande mmoja imeshaanza kubanduka. Jicho kama hilo linahitaji mpasuaji wa retina, naye yuko Dar es Salaam, na linahitaji afikiwe haraka.

Lakini mpasuaji hakati jicho lililokwisha kufa. Lazima kwanza ajue kama retina na mshipa wake bado vinafanya kazi nyuma ya damu ile. Mara nyingi mboni yenyewe hukwambia, maana ukiimulika inajikunja. Mboni ya bibi huyu ilikuwa imegandama kwa ugonjwa wa zamani, haikujikunja wala haikupanuka. Likabaki swali moja tu, ambalo sisi wa macho tunauliza kila siku. Akijibu ndiyo, anapanda boti. Akijibu hapana, anarudi nyumbani kushikwa mkono mpaka mwisho wa umri wake.

Nikafunga dirisha, nikazima taa. Mke mdogo alisimama ukutani na mikoba yao. Nikaliziba lile jicho la kushoto kwa kiganja changu, nikaisogeza tochi mbele ya la kulia.

"Bibi, unaona mwanga?"

"Hapana."

Alijibu upesi, kwa ukali. Nikaipeleka tochi juu.

"Na sasa, unaona mwanga?"

"Nshasema, hapana."

Nikaisogeza karibu zaidi, mpaka ikakaribia kope. Nilikuwa nataka anambie ndiyo. Niliitaka ndiyo hiyo kuliko alivyoitaka yeye, kwa sababu mimi nilijua hapana maana yake ni nini. Nikapunguza sauti, nikamwambia kama ninavyomwambia mama yangu anapoumwa, "Bibi wangu, huoni mwanga hata kidogo?"

"Simuoni," akasema. "Hata kidogo simuoni. Na wewe ntu ulosoma, usiwafate watu wa maneno."

Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kushuka na tochi. Ukasimama hapo hapo.

Simuoni. Mwanga wa tochi hauambiwi simuoni. Ungekuwa ule wa tochi, angesema siuoni. Simuoni anaambiwa mtu. Na kwetu Pemba, jamani, mwanga ni mtu. Ni yule anayetoka usiku wa manane kuwachezea wenziwe uchawi mbele ya milango yao. Nyumbani mama yangu akitaka taa anasema leta mwangaza, na mimi mwenyewe nimekulia katika lugha hiyo, nimenyonyeshwa nayo. Lakini nikivaa koti jeupe nazungumza Kiswahili cha skuli, na katika skuli mwanga ni kitu cha balbu.

"Bibi," nikamuuliza, "unadhani nakuuliza nini?"

Maneno yakamtoka kwa mfululizo. Tangu jicho lifunge, watu hawakumuacha. Kila anayekuja kumtazama anamnong'oneza kwamba jicho lake limefungwa, na aliyelifunga ni huyo huyo mke mwenza. Lisemwalo lipo, wanamwambia. Hata wifi yake alimuuliza, mwanga wako humuoni, na ndiye anayekupikia?

"Sasa n'nakuja hospitali," akasema, "nawe unanizimia taa, unanizibia jicho, unaniuliza namuona mwanga. Na yeye kasimama hapo hapo. Ulitaka nikujibu nini? Huyu ana ulimi, ana kiburi, hajui kukuna nazi. Lakini mwanga si yeye. Simuoni, na hata ungeniuliza mpaka magharibi n'ngekwambia simuoni."

Chumba kilikuwa kiza. Kisha sauti ikatoka ukutani.

"Ungesema unaniona, bi mkubwa. Tungewahi chombo cha mchana cha Kojani."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, sakafuni, na koti langu jeupe. Bibi naye akaanza kucheka bila kujua tunacheka nini, na muuguzi akafungua mlango kutazama kama kuna mtu kaanguka. Nilikuwa nacheka na huku naogopa. Mwanamke yule alikuwa anamlinda mwenziwe, na kwa kumlinda alikuwa karibu alizike jicho lake mwenyewe.

Nikainuka, nikafunga mlango, nikaanza upya kwa lugha ya mama yangu. "Bibi, sikuulizi ntu. Nakuuliza weupe. Huu mwangaza wa tochi, unauona?"

"Huo nauona tangu mwanzo," akasema. "Unanichoma. N'nangoja uuondoe ndio nikugombeze."

"Unatokea wapi?"

"Juu." Nikahamisha. "Sasa huku kwenye pua." Nikahamisha tena. "Upande wa sikio. Chini. Umezima. Daktari, unanichezea?"

Hakukosea hata pahala pamoja. Retina ilikuwa hai, mshipa ulikuwa hai, nyuma ya damu yote ile. Nilimpigia simu mpasuaji nikiwa bado nimesimama gizani, na nafikiri nilimpigia kelele sikioni, kwa sababu aliniuliza kama kuna msiba.

Walikwenda pamoja. Mpasuaji aliisafisha ile damu, akailaza retina mahali pake, akaichoma leza pembezoni ili isivuje tena, na mwisho akatia hewa maalumu ndani ya jicho iikandamize mpaka ishike. Hewa hupanda juu, kwa hivyo mgonjwa lazima alale kifudifudi na uso wake uangalie chini, usiku na mchana, kwa siku kadhaa. Ndege haruhusiwi kupanda mpaka hewa ile iishe, maana huko juu inavimba na kuliharibu jicho. Hilo halikuwahuzunisha, wote wawili ndege wanaiogopa.

Kulala kifudifudi ndiko kulikokuwa na kazi. Mke mdogo alinisimulia kwa simu kwamba bi mkubwa alikuwa anagombana na mto. Alisema hawezi kuzungumza na mtu asiyekuwa mbele ya uso wake, na mbele ya uso wake ilikuwa sakafu. Basi mdogo alitandika mkeka chini ya kitanda, akalala chali, na huko wakawa wanateta, mmoja juu mmoja chini, mpaka wagonjwa wa wodi nzima wakawa wanangoja kusikia leo ugomvi ni wa nini.

"Anaona?" nikamuuliza.

"Anasema anaona maji yanacheza. Mpasuaji kasema tungoje. Kasema imeshika, lakini hakuahidi kitu."

Nami nilijua kwa nini hakuahidi. Retina iliyobanduka unaweza kuirudisha mahali pake ikalala vizuri kabisa, na isione tena. Katika sala zangu za siku hizo kulikuwa na jicho moja la kulia la Kojani.

Waliporudi kliniki kwangu, ile hewa ilikuwa imeshayeyuka yote. Bado mke mdogo alikuwa kamshika mkono, maana bila ya miwani bibi alikuwa anaona vivuli tu. Nikamtia dawa, nikachungulia. Safari hii damu haikuwepo. Retina ilikuwa imelala yote, alama za leza zimejipanga pembezoni, na pale katikati, pa kuonea, pamesalimika. Mshipa wa jicho ulikuwa na rangi yake nzuri. Nilitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nastarehe.

Dawa ilipoisha nguvu nikampima, lenzi moja baada ya nyingine, nikamvisha miwani ya kliniki. Akageuza shingo taratibu. Akatazama ukuta, akatazama pangaboi, akanitazama mimi.

"Kumbe wewe ntoto," akasema. "Kwa ukali ule n'likudhani ntu nzima. Na ushungi wako umeubana kwa pini mbili za rangi mbali."

Nilimkumbatia. Sheria za kazi sijui zinasemaje kuhusu hilo, na siku hiyo sikuwa na haja ya kujua. Yeye akajitoa mikononi mwangu, akainuka, akauliza choo kiko wapi.

"Nikupeleke," akasema mdogo.

"Ukinifata nakupiga."

Tulimtazama akiufuata ukumbi, mrefu, kanga imetulia begani. Hakugusa ukuta. Wagonjwa kwenye benchi wakavuta miguu kumpisha, bila kujua wanampisha nani. Mke mdogo alikwenda kukaa kwenye baraza ya nje, juani, akafungua bakuli la chakula walichokuja nacho kutoka nyumbani.

Bi mkubwa alirudi mwenyewe. Alipofika mlango wa baraza akasimama. Nilidhani jua linamuumiza, nikasogea kumshika. Hakuwa akitazama jua. Alikuwa anamtazama mwenziwe, ambaye hajamuona uso tangu jicho lifunge.

"Mbona umekonda hivyo?" akamuuliza.

"Uzee," akasema mdogo.

"Uzee gani? Mimi si n'nanenepa, na mimi nkubwa kwako."

Bibi akaenda akakaa karibu yake, akamshika kidevu, akaugeuza uso wake huku na huku kwenye jua, akautazama kama alivyokuwa akitazama kofia kabla ya kuipeleka dukani.

"Kila siku nakuuliza umekula, unanambia nshakula jikoni."

"N'likuwa nakula."

"Nini?"

Mwenziwe akainamisha kichwa, akalitazama bakuli. Katika bakuli mlikuwa na muhogo na pweza wa nazi, vipande vya pweza vimelundikwa upande mmoja na upande wa pili muhogo mtupu, na sasa nikafahamu, na bibi akafahamu, ni upande upi wa nani. Nilikuwa mlangoni, wagonjwa wangu wananingoja, na machozi yakanitoka.

Bi mkubwa aliligeuza bakuli. Akaliweka juu ya mapaja ya mwenziwe, upande wa pweza ukawa kwake.

"Na wewe?" akauliza mdogo.

Bibi akaisukuma miwani yake juu ya pua, akakaa sawasawa.

"Kula," akasema. "Kula nikuone."