Zamu za Vidonge vya Namkunda

Siku yangu ya kwanza kazini Same, enzi za Ujamaa, Mganga wa Wilaya alinikabidhi funguo za kabati la dawa akasema, "Nesi, ubongo nao ni kiungo. Usiniletee habari za mapepo." Nilitoka kifua mbele!

Baadaye nikapewa zahanati ya Suji. Namkunda, mke wa seremala, alikuwa akinywa isoniazidi, dawa ya kifua kikuu. Kwa kujiona hodari nikamwambia dawa ni kama zamu ya maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba: asiipoteze.

Baada ya majuma ya msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, akaanza kusikia sauti. Akamkimbia mwanawe anayenyonya. Mumewe akamfunga kamba, tukamteremsha Same. Mganga akaandika: skizofrenia, apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali kabisa. Na mtoto je?

Nikafungua kopo lake la vidonge. Tupu, kabla ya wakati!

"Zamu zilimpita akiwa kwenye msaragambo," mumewe akasema. "Akazirudisha, tatu tatu kwa siku. Si ulisema ni kama maji?"

Kweli, kwetu aliyekosa maji kwa kazi ya kijiji hurudishiwa zamu yake. Kosa lilikuwa langu, nikalisema palepale.

Mganga aliruka kitini. "Kumbe! Sikiliza. Dopamini hupeleka ujumbe kati ya chembe za ubongo. Ikimaliza kazi, vimeng'enya huivunja. Hao ni kama wale wanaofunga mfereji wa ndiva yako maji yakitosha. Dawa hii ikizidi huwazuia baadhi yao, tena humaliza vitamini B6 ambayo bila hiyo wengine hawafanyi kazi. Katika skizofrenia pia tunashuku dopamini huzidi, ndiyo maana dalili zinafanana. Sina hakika. Nakupa siku kumi kabla hatujampeleka."

Tukasimamisha dawa, tukampa B6. Nilihesabu siku kama mfungwa. Ya nane, Namkunda akanishika mkono: "Nesi, nani anamnyonyesha mwanangu?" Nilikimbia wodi nzima nikipiga vigelegele, na Mganga akaichana ile karatasi.

Namkunda alimalizia matibabu ya kifua kikuu kwa dawa nyingine. Safari hii nilimtaka anirudishie kwa mdomo wake maelekezo ya dozi aliyoikosa: "Iliyopita imepita."

Sasa nimestaafu. Wauguzi vijana wananitajia vimeng'enya kwa majina, nami nasisimka vilevile! Nawauliza tu: mgonjwa amekurudishia maneno yako?

Juzi nilikutana na Namkunda sokoni Same, yuko na mwanawe, mtu mzima. Nikaanza tena kumwomba radhi. Akanikatiza akicheka: "Nesi, iliyopita imepita."