Paja la Kuku Lililotalii Kreta

Mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu, na nina udhaifu mmoja: paja la kuku kwenye boksi langu la chakula cha mchana siligusi. Namletea mke wangu, Paskalina. Akiniona nashuka na boksi, anacheka kama mtoto.

Juzi paja lilishinda nami kreta, lile bonde la wanyama ninakopeleka wageni, mchana kutwa, juu ya dashibodi, jua likilipiga. Jioni Paskalina akalila lote. Kulipokucha alikuwa anaharisha, anatapika, mwili unachemka.

Mtuhumiwa nikampata papo hapo: maziwa ya mgando aliyotuletea mama mkwe kutoka Kansay. Kule zahanati, mama mkwe mwenyewe akiwa amemshika mwanaye mgongo, nilimhutubia daktari kuhusu vibuyu visivyooshwa vizuri. Hata bakteria niliwataja, jamani, maana wageni nawahubiria usafi wa chakula kila siku!

Daktari akasema dalili zinafanana na za salmonela, bakteria wanaozaliana haraka chakula kikikaa kwenye joto. Akauliza nani mwingine alikunywa maziwa.

"Tulikunywa wote, na sisi wengine tu wazima," mama mkwe akajibu taratibu. "Ila kuku alimla yeye peke yake."

"Huyo kuku alikaa wapi?"

"Kwenye gari," nikanong'ona.

Paskalina akanishika mkono. "Ladha yake ilikuwa imeshageuka," akasema. "Lakini ulivyokuwa unanitazama nikila, Baba Neema, ningetemaje?"