Fundi wa nondo anayepigania kikosi chake kisigawanywe na simu

Saa moja asubuhi, juu ya ghorofa ya tatu, Fidencio Tecuapetla amepiga goti kwenye wavu wa nondo. Anainua vidole viwili. Upande wa pili, shemeji yake Nabor Xicale anaviona vile vidole, anageuka na kuleta nondo mbili. Kwa mbali mlima wa volkano unafuka moshi kama siku zote, wala hakuna anayeutazama.

Fidencio anainua kiganja. Nabor anasimama hapo hapo. Mzigo wa mbao unapita mbele yake ukining'inia kwenye kreni, unakwenda zake. Kiganja kinashuka, kazi inaendelea.

Ndivyo wanavyofanya kazi huu mwaka wa tisa. Nabor, mwenye miaka hamsini na mmoja, masikio yake yaliharibiwa na mashine ya kuvunja zege. Waliompa mashine hawakumpa vya kuzibia masikio. Alipolalamika, ofisi ya wakati ule ilimwambia ni uzee. Alikuwa na miaka arobaini na miwili.

"Akiwa na mimi, anasikia," anasema Fidencio, kiongozi wa mafundi nondo kwenye ujenzi huu wa maghorofa pembezoni mwa mji wa Puebla. "Akiwa na mwingine, ni mtu aliyesimama njiani tu."

Kikosi chake ni watu kumi na mmoja, wote wa kijiji cha Atlapan, wote ndugu au mashemeji. Wanakuja kwa gari moja, wanakula pamoja. Chapati za mahindi na maharage ya pilipili hufungwa kwenye kitambaa na Casilda, mke wa Fidencio, ambaye hamsahau na Nabor. Fidencio anakula bila hata kukitazama kitambaa. Mwanamume anayefungiwa chakula kila asubuhi hudhani kitambaa hicho kitakuwepo siku zote.

Mpaka mwaka jana, kazi za kila kikosi ziliandikwa kwa chaki kwenye ubao langoni. Halafu ofisi ikaona ubao unaitia aibu. Kampuni ina majengo sita mjini, ikataka programu moja ya simu ya kupanga vikosi vyote. Wauzaji watatu wakaja. Ikatangazwa kwamba safari hii wafanyakazi watasikilizwa, na wawakilishi watano wakaitwa, mmoja kwa kila fani. Wa nondo alikuwa Fidencio.

Programu ya kwanza ilikataa kufunguka kwenye simu za vibarua, ikafa yenyewe. Ya pili ilimwachia fundi apange watu wake, ofisi iangalie tu. Hiyo ilikuwa ghali kuliko zote, na mwenye akili alishajua mwisho wake.

Ya tatu ndiyo aliyoipenda Inginia Beristáin, meneja wa ratiba. Kila jioni inatazama ni jengo gani limepungukiwa, halafu inamtumia kila mtu ujumbe wa pa kwenda kesho yake. Haijui kikosi. Inajua mtu mmoja mmoja.

Katika majaribio, ilimtuma Nabor peke yake jengo la upande mwingine wa mji. Akaenda. Msimamizi wa huko alimweleza jambo, Nabor akatikisa kichwa kukubali. Akaelezwa tena, akakubali tena. Ndoo ya zege ikashuka nyuma yake, na mtu asiyemjua akamvuta kwa ukosi wa shati. Akarudishwa nyumbani bila ujira wa siku hiyo. Jioni simu ikamtuma kule kule, naye akabonyeza "ndiyo", ingawa hakuwa na nia ya kwenda.

Kubonyeza huko hakukuwa kwa Nabor peke yake. Ikaja kuonekana siku ya Msalaba Mtakatifu, tarehe tatu Mei, ambayo hakuna mjenzi anayeshika koleo. Ofisini hakuna aliyeikumbuka. Programu ikapanga kumwaga zege la sakafu siku hiyo, ikawauliza watu sitini kama watakuja. Wote sitini wakajibu ndiyo.

Asubuhi malori ya zege yakajipanga langoni. Ndani, inginia alikuta mafundi wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, wamebeba msalaba uliofunikwa maua kuupandisha juu ya jengo, na sufuria za nyama zinachemka. Alikuwa ameshika simu yake iliyojaa tiki za kijani. Akauliza mbona walikubali.

"Sasa ulitaka tuikatalie simu, inginia?" mwashi mmoja akamjibu, akimpa sahani. "Imeuliza kwa adabu."

Malori yakarudi na zege lake. Wakubwa hawakujiuliza nani alipaswa kuwaambia mapema. Walisema vibarua ni waongo.

Kikao cha kuchagua kikafanyika Juni. Beristáin alimuuliza mwakilishi mmoja baada ya mwingine kuhusu programu ya tatu. Wa waashi alisema ni nzuri. Wa mabomba alisema ni nzuri sana. Asubuhi ile ile, wote wawili walikuwa wameitukana mbele ya Fidencio kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Fidencio anasema hajawahi kumkatalia mkubwa usoni tangu azaliwe. Kwao mtu akikuomba, unakubali. Kama huendi, huendi, lakini hukumvunjia heshima. Zamu yake ilipofika aliitazama meza kwanza.

"Hapana, inginia," alisema. "Hii hapana. Itamuua shemeji yangu."

Alishukuriwa kwa maoni mazuri. Wiki iliyofuata kampuni ikainunua ile ile, mkataba wa mwaka mmoja. Kusikilizwa kwa wafanyakazi kulikuwa kumeisha.

Gazeti hili lilipomuuliza, Beristáin alisema programu imepunguza saa zinazopotea, na kwamba asiyeridhika na alikopangwa ana kitufe chekundu cha kukataa. Fidencio alipoelezwa hayo, alitoa simu mfukoni akakitafuta. Kitufe walikuwa wakikiona. Kikosi kizima kilidhani ni cha mtu anayetaka kuacha kazi.

Jioni hiyo wote kumi na mmoja walikutana jikoni kwa Casilda. Mmoja aliuliza itakuwaje akijifuta kazi kwa kidole chake mwenyewe. Casilda akamwambia basi kidole hicho kikikosa kazi amkopeshe mkewe, huenda kikafanya ya nyumbani. Fidencio akatangulia kubonyeza. Simu ikajibu: sawa, asante.

"Haikununa hata kidogo," anasema. "Tukatazamana. Kumbe ni rahisi hivyo."

Tangu hapo hakuna anayejibu simu mpaka waonyeshane ujumbe. Ikimtenga Nabor, wote wanakataa. Programu inapanga upya, inauliza tena, wanakataa tena. Kwa kuwa wa kuziba nafasi zao hawapo, mwishowe huwarudisha pamoja. Tangu Julai Nabor hajakosa kazi hata siku moja.

Ila programu inahesabu. Anayekataa mno, jina lake huandikwa kwa rangi nyekundu kwenye skrini ya meneja, na majina yote kumi na moja sasa ni mekundu. Fidencio anajua hiyo ni nini: ni orodha ya watakaoachishwa, ofisi ikipata sababu. Ndiyo maana macho yake yako kwenye Juni ijayo, mkataba utakapokwisha na wawakilishi kuitwa upya. Anataka watano wote waseme hapana mbele ya inginia, na wadai ile programu inayomwachia fundi watu wake. Kila Jumamosi baada ya malipo anamzungukia mmoja wao.

"Mwakilishi wa waashi ameniahidi atakataa," anasema, akikunja waya uliobaki. "Nikamuuliza, una hakika? Akaniambia ndiyo."

Anacheka peke yake, anatikisa kichwa.

"Kwa hiyo Jumamosi narudi kwake tena."