Spana ya robo tatu na injini mbili za tumbo moja

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Loretta Pelczar anateremsha spana moja baada ya nyingine kutoka kwenye ubao mkubwa wa mbao na kuzipanga juu ya turubai. Nje, barafu ya kwanza ya msimu imeshika vioo vya magari. Ndani ya karakana ya Makumbusho ya Ndege ya Quassett, hita inanguruma na kahawa imeshapoa kwenye kikombe cha karatasi.

Ubao umepakwa rangi nyeupe. Nyuma ya kila spana pamechorwa umbo lake kwa rangi nyeusi, kwa hiyo ukiiondoa spana, kivuli chake kinabaki pale kikikutazama. Upande wa kushoto ni vifaa vya inchi, kwa ajili ya injini ya Kimarekani. Upande wa kulia ni vya milimita, kwa ajili ya injini ya MiG.

Bi Loretta, mwenye miaka sabini na mmoja, ndiye mtunza vifaa. Hafungui nati wala hagusi bomba la mafuta. Kazi yake ni kuhesabu.

"Watu wanadhani mimi ni mlinzi wa makabati," anasema, akichovya brashi kwenye kopo. "Wacha wadhani. Lakini hapa hakuna injini inayowashwa mpaka mimi niseme."

Hasemi kwa mdomo. Msumarini, juu kabisa ya ubao, huning'inia kibati chekundu kikubwa kama kiganja. Vivuli vyote vikijaa, mtunza vifaa hukitoa msumarini na kumkabidhi fundi. Fundi asiyekuwa na kibati haruhusiwi hata kuigusa swichi. Ndivyo walivyofanya kwenye kiwanda cha injini alichokitumikia miaka thelathini na moja, na ndivyo alivyowafundisha hapa.

Asubuhi hii msumari hauna kitu. Kibati hakiko kwake tena, na aliyekiondoa ni yeye mwenyewe.

Ili kuelewa, inabidi kurudi kwenye injini zenyewe. Zimefungwa juu ya fremu mbili za chuma katikati ya karakana, mita sita kutoka moja hadi nyingine, nene na fupi, kila moja imezungukwa na mitungi tisa ya kuchomea mafuta. Ukimleta mgeni ukamwambia achague ya Kimarekani, atakisia tu.

Moja ilikuwa ya Panther, ndege ya jeshi la majini la Marekani. Nyingine ni ya MiG-15, ndege ya kivita ya Warusi, na hii hasa ilitengenezwa Poland kwa michoro ya Warusi. Novemba mwaka 1950 ndege za aina hizo mbili zilikutana katika anga ya Korea na kurushiana risasi. Marubani hawakuwa na lugha moja wala bendera moja, lakini moyo uliokuwa ukizisukuma ndege zao ulitoka kwa mama mmoja. Waingereza ndio walioubuni. Vita vya dunia vilipokwisha waliwapa Wamarekani leseni, na kuwauzia Warusi injini zenyewe. Wamarekani wakaitengeneza kwa inchi zao. Warusi wakaifungua, wakaipima kipande kwa kipande na kuijenga upya kwa milimita.

Baba yake Bi Loretta, marehemu Kazimierz Pelczar, alifunga mabomba ya mafuta kwenye injini za Panther. Mwanawe alikuja kujua habari za MiG akiwa mtu mzima.

"Baba alikuwa akijisifu mezani, eti injini yetu iliwanyoosha wale," anasema na kucheka. "Masikini, hakujua. Ilikuwa ni ndugu na ndugu wanavunjana meno."

Kuna jambo moja ambalo amelitaka kwa miaka mingi, nalo ni dogo. Anataka kuisikia injini ya baba yake ikilia. Kiwandani stoo ya vifaa ilikuwa ng'ambo ya mto, mbali na jengo la majaribio, tena jengo lenyewe lilikuwa na kuta nene. Kwa miaka thelathini na moja alizihesabia injini spana zao, na hajawahi kusimama mbele ya hata moja ikiwashwa.

Sasa muda unamkimbia. Sikio la kushoto limebaki jina tu. La kulia linasaidiwa na kifaa kilichomgharimu dola 3,400, na yeye hapa analipwa dola 18 kwa saa, siku tatu kwa wiki. Mwezi wa nane daktari alimwambia asitegemee kuwa na sikio hilo kwa muda mrefu. Alipomuuliza muda mrefu ni upi, daktari akasema labda mpaka majira ya kuchipua, labda kabla.

Ndiyo maana Jumamosi ya wiki iliyopita ilikuwa kubwa kwake. Halmashauri ya mji huruhusu injini ziwashwe siku moja tu kwa msimu, tena kabla ya saa sita mchana, kwa sababu ya majirani. Watu mia nne walikuwa wamekata tiketi. Kwa mara ya kwanza injini zote mbili zingewashwa pamoja.

Kuiandaa ile ya MiG, makumbusho yalimleta fundi kutoka Rzeszów, Poland, Zenon Chmura, mwanamume wa miaka hamsini na kitu mwenye masharubu na mzaha usiokwisha. Alikuja na mkoba wake wa vifaa. Kwa kanuni za Bi Loretta, mkoba wa mgeni lazima ufunguliwe, kila kifaa kisomwe na kuandikwa. Safari hii hakuufungua.

"Niliona haya," anasema waziwazi. "Mtu ametoka nchi ya babu zangu, kaniletea na soseji za mama yake, halafu mimi nimpekue kama mwizi? Nikasema ah, mgeni."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mwandishi wa makala haya anamchokoza.

"Jembe nilimpa. Tena ndilo lililotuponza."

Alhamisi mchana Zenon alikuwa ameondoa wavu wa chuma unaozunguka mdomo wa injini ya MiG. Akafika kwenye bolti inayotaka spana mbili, moja ya kukaza na moja ya kuzuia nati kwa nyuma. Alikuwa na yake moja, milimita kumi na tisa, iliyotoka mkobani. Ya ubaoni ilikuwa kazini kwa fundi mwingine. Akaomba nyingine.

Bi Loretta akachomoa ya robo tatu inchi kutoka upande wa Kimarekani. Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba robo tatu inchi na milimita kumi na tisa zinatofautiana kwa unywele, na nati haitalalamika.

"Hii inaingia," akamwambia.

"Mungu awabariki Waingereza," Zenon akajibu, "walituzaa wote na miguu sawa."

Jioni alirudisha vifaa kwa mkupuo, mikono imejaa mafuta. Miongoni mwake ilikuwamo ile yake ya kumi na tisa. Bi Loretta aliitundika kwenye kivuli cha robo tatu, na ikakaa sawasawa, haikuzidi wala haikupungua. Ubao ukawa umejaa. Wavu ukarudishwa, injini ikafunikwa.

Jumamosi saa tatu asubuhi watu walishajipanga nyuma ya kamba, watoto wamevalishwa vizuia sauti vyekundu, harufu ya donati imetanda uwanja mzima. Bi Loretta aliupitia ubao kwa mara ya mwisho. Mara ya mwisho haangalii kwa macho. Anapitisha kidole kwenye namba iliyochongwa kwenye kila mpini.

Kwenye kivuli cha robo tatu kidole kikasoma kumi na tisa.

Akakipitisha tena, namba ni ileile.

Mkurugenzi wa makumbusho, Harlan Whitcomb, alikuja akitembea haraka, kipaza sauti mkononi.

"Loretta, kibati."

"Hakitoki."

"Mbona ubao umejaa?"

"Umejaa uongo. Kuna spana haipo."

"Si itakuwa kwenye droo ya mtu? Kwenye gari la Zenon? Loretta, nina watu mia nne pale nje!"

"Basi unao mia nne wa kuwajeruhi. Hakitoki, Harlan."

Harlan si mtu mbaya. Alifumba macho, akashusha pumzi, kisha akatoka kwenda kuwaambia watu wasubiri. Kila mtu pale anajua spana ikimezwa na injini inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika hugeuka kuwa nini, na kwamba hapo kamba haimkingi mtu.

Wakaanza kutafuta, na hapo akili za kawaida zikawapoteza. Spana ya inchi ni ya Mmarekani, basi watu wote wakaivamia injini ya Kimarekani. Wakafungua wavu, wakaingiza tochi na kioo. Saa mbili nzima. Hata Bi Loretta hakukumbuka ile "hii inaingia" ya Alhamisi mpaka Zenon alipokaa chini, akajipiga paji la uso kwa kiganja na kutamka neno ambalo gazeti hili haliwezi kuchapa.

Saa sita kasoro dakika kumi, akiwa amelala kifudifudi juu ya injini ya MiG, mkono umezama mpaka begani, alisema, "Ninayo."

Spana ya robo tatu ilikuwa imelala nyuma ya wavu, inchi nne kutoka kwenye gurudumu la kusukumia hewa.

Hakuna aliyeshangilia. Injini zote mbili zilikuwa wazi, na saa ya kanisa la Mtakatifu Stanislaus haikungoja mtu.

Harlan alishika kipaza sauti akaanza habari za "hitilafu ndogo ya kiufundi." Bi Loretta alimgusa kiwiko akakichukua.

"Si hitilafu," aliwaambia watu. "Ni mimi. Nilitundika spana bila kuisoma. Kosa ni langu, samahani kwa Jumamosi yenu."

Mwanamume mmoja mwenye kofia ya manyoya akapaza sauti, "Yaani tumeganda masaa matatu hapa kwa ajili ya spana?"

Bi Loretta akamwendea mpaka kwenye kamba, akaiweka spana mkononi mwake. Ilikuwa baridi na nzito. Mwanamume aliigeuza mara moja, akamtazama mtoto wake aliyesimama mbele, kisha akairudisha.

Jumapili Bi Loretta hakwenda kanisani. Anakiri kwamba alilia, na si kwa aibu peke yake.

"Ningekaa kimya, labda ingewaka salama. Spana ilikuwa nyuma kabisa, pembeni. Labda. Na mimi ningesikia." Anasafisha brashi kwa kitambaa. "Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, nisikufiche. Kwamba nililiwaza."

Jumatatu alikitoa kibati msumarini akakipeleka ofisini kwa Harlan. Kanuni hiyo pia ni ya kule kiwandani: mtunza vifaa akitundika visivyo, kibati kinakwenda kwa mwingine mpaka siku nyingine ya kuwasha injini ipite, na yeye anarudi kuhesabu chini ya jicho la mwenzake.

"Hapa si kiwandani, Loretta," Harlan alimwambia. "Umetuokoa wewe."

"Nimewaokoa na kosa langu mwenyewe. Hiyo haihesabiki."

Kibati sasa kinashikwa na Zenon, aliyeongezewa mkataba mpaka mwezi wa tano. Mkoba wake umepekuliwa mpaka mfuko wa soksi. Vifaa vyake vyote thelathini na nane vimeandikwa, na leo hii Bi Loretta anavichorea vivuli vyao ubaoni. Mipini ya spana za milimita anaifunga utepe wa njano, ili hata mtu mvivu wa kusoma aone.

"Umeninyang'anya hata siri zangu," Zenon anamwambia akipita na ngazi begani.

"Siri gani? Una koleo mbili mbovu na kifungua chupa."

"Hicho kifungua chupa nacho umekiandika?"

"Namba thelathini na nane."

Halmashauri imeshatoa tarehe nyingine, Jumamosi ya tatu ya mwezi wa nne. Harlan alipendekeza amrekodie Bi Loretta sauti ya injini kama hiyo kutoka makumbusho mengine, aisikilize nyumbani mapema, kabla sikio halijaaga. Alikataa. Alisema hiyo ni sawa na kumwonyesha mwenye njaa picha ya chakula.

Siku hiyo hatakuwa ndani. Asiye na kibati anasimama na watu, nyuma ya kamba. Tiketi ameshanunua, dola kumi, ingawa Harlan alitaka kumpa bure.

Na kama sikio la kulia nalo litakuwa limekwenda kabla ya siku hiyo?

Zenon ndiye anayejibu kwanza, kutoka juu ya ngazi. Anasema injini ile haihitaji sikio, huingilia kifuani.

Bi Loretta anamsikia nusu tu, anamwomba arudie, kisha anatikisa kichwa. Anachuchumaa polepole, anapapasa sakafu ya karakana kwa kiganja, saruji ileile inayoendelea nje mpaka chini ya kamba.

"Kifua changu kina nguo nne mwezi wa nne," anasema. "Nitavua viatu. Nitasimama juu ya saruji hii na miguu mitupu, na watu wacheke wanavyotaka. Baba yangu aliifunga ile injini kwa mikono yake. Haiwezi kuwaka nisiijue."