Dume wa Mwisho Kwapa

Leo shemeji yangu Owori amechomwa pembe pajani.

Asubuhi swala watatu walishuka kwenye kidimbwi chetu hapa kijijini Kwapa kutafuta maji: dume, jike na mtoto. Zamani lilikuwa kundi kubwa. Ukame na mikuki vimeacha hao tu.

Owori na wenzake wakawavamia kwa mbwa na panga.

Jike akatoroka na mtoto. Dume akabaki. Akampasua mbwa tumbo, akamgeukia Owori.

Wenzake wakamkatakata yule swala, halafu wakaanza kukatana wenyewe wakigombea nyama.

Nimemkuta Owori hospitali, ameshonwa.

"Shemeji, mmeniwekea nyama?"

"Mmeua dume wa mwisho, Owori. Sasa jike atazaa na nani?"

Akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo hamkuniwekea?"

Jamani, nyinyi mngemjibu nini?