Majivu ya Jirani

Kwa nini majivu ya jirani yaliua wadudu, na yetu hayakuua? Swali hilo lilinikaa kooni mwaka ule niliorudi nyumbani Kiplombe, nje kidogo ya Eldoret, na digrii ya sayansi kutoka chuo cha Chepkoilel, bila kazi lakini na maoni mengi. Majivu ni majivu, nilijiambia. Kuni zikishaungua zimeungua, awe ameziwasha mchungaji au mchawi.

Shida ilikuwa sukuma wiki ya mama. Haikuwa sukuma ya mbegu za pakiti. Mama alipokuja Eldoret kutoka magharibi akiwa msichana, alibeba vichipukizi kutoka shamba la mama yake, vimefungwa ndani ya gunia bichi. Sukuma hiyo haipandwi kwa mbegu. Unakata chipukizi, unakichomeka ardhini, na maisha yanaendelea. Nyanya alishakufa na shamba lake likauzwa. Kwa hiyo mistari minne nyuma ya nyumba yetu ndiyo iliyobaki, na kiangazi kile wadudu mafuta walikuwa wanaimaliza. Walijaa chini ya majani kama unga wa kijivu, wakinyonya hadi jani likajikunja.

"Hii ikiisha," mama alisema, "sina mahali pengine pa kuitoa."

Dawa ya duka hakuitaka. Kikundi cha akina mama kanisani kilikuwa kimepata mwalimu wa kilimo asilia, mwanamke wa Elgon View, mtaa wa wenye pesa, aliyekuja na gari kubwa na gambuti za maua ambazo hazijawahi kukutana na tope. Mama alinivuta niende naye, labda nipate kazi ya kuninyamazisha.

"Mdudu si adui," mwalimu alituambia. "Mdudu ni mgeni. Tumsikilize."

"Mgeni wa siku ngapi?" mama mmoja akauliza kutoka nyuma. "Wangu wako tangu Krismasi, na wanazaana."

Tulicheka hadi viti vikalia. Mwalimu alisubiri, kisha akatufundisha kusaga pilipili na kitunguu saumu, kuchanganya na sabuni ya kipande na maji, kuloweka hadi kesho yake, kuchuja na kunyunyiza. Nikauliza pilipili ngapi kwa lita ngapi za maji.

"Pima kwa moyo wako, dada," akanijibu.

Miaka minne nilikaa maabara na sikuwahi kuona chupa iliyopimwa kwa moyo. Nilimwambia hivyo. Mama alinikanyaga mguu.

Jirani yetu, mwanamke mwenyeji wa nyanda hizi za juu, hakuja kikundini. Hakuwa na haja. Kila asubuhi kabla umande haujakauka alipita kwenye bustani yake na debe, akirusha majivu juu ya majani kama anayelisha kuku, midomo ikicheza. Sukuma yake haikuwa na mdudu hata mmoja. Siri, alisema, ni kuomba huku ukirusha. Mama naye alirusha majivu ya jiko letu, tena kwa umande huohuo na maombi marefu zaidi. Wadudu wetu waliyavaa kama poda na kuendelea kula.

"Msomi!" jirani aliniita kutoka upande wa pili wa ua. "Kitabu kimesema nini leo?"

"Kimesema ni bahati, Mama."

"Basi ngojeni hiyo bahati ije kuwapikia."

Nikaamua kuwaaibisha wote kwa mpigo mmoja. Mistari minne, majaribio manne. Wa kwanza, pilipili ya mwalimu. Wa pili, majivu yetu. Wa tatu, majivu ya jirani. Wa nne, hakuna kitu. Mama alitazama vigingi vyangu vyenye namba akasema mistari hiyo si daftari. Nilimwambia anipe wiki mbili tu. Alinipa, ingawa niliona mkono wake ukigusa majani ya mstari wa nne kama mtu anayeaga mgonjwa.

Jirani alinijazia debe huku akicheka.

"Utaomba?"

"Sitaomba."

"Basi hayatafanya kazi."

Nilirusha majivu yake kwa dharau kamili, mdomo nimeufunga. Yalifanya kazi. Wiki ya pili ilipoisha, mstari wa tatu ulikuwa safi. Pilipili ilipunguza wadudu kidogo kisha wakarudi. Majivu yetu hayakuwasumbua. Mstari wa nne ulikuwa umebaki vijiti.

Nililiandika hilo kwenye daftari langu, na nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu maombi yalikuwa yameshindwa. Kwenye ukurasa huohuo kuna mstari mwingine kwa mwandiko wangu: wadudu kobe, wale wekundu wenye madoa meusi wanaokula wadudu mafuta, wamelala chali chini ya mstari wa tatu. Pembeni niliandika sababu: njaa. Sikuweka hata alama ya kuuliza.

Jirani nilimuuliza mara moja tu anatumia kuni gani. "Kuni tu," alisema. "Mzee huleta kutoka kazini." Nikaridhika, nikarudi kwenye mjadala wa maombi. Nilikuwa na shughuli kubwa, kumshinda Mungu.

Tukamwaga majivu ya jirani kwenye mistari yote iliyokuwa hai, msimu mzima. Sukuma ikainuka. Tuliila na ugali karibu kila jioni, na mama akagawa vichipukizi kwa wenzake wa kikundi ili isije ikabaki mahali pamoja tena. Mwalimu alikuja kupiga picha, akasema asili imeshinda. Jirani alisema ni Bwana. Mimi nilisema tunahitaji takwimu zaidi, nikajiona mwenye akili kuliko wote wawili.

Miaka kadhaa baadaye nilipata kazi ya kuandika ripoti za usalama viwandani. Siku moja nilipelekwa kwenye yadi inayotayarisha nguzo za mbao za kubebea nyaya za stima. Wafanyakazi walivaa glavu ndefu. Kando kulikuwa na rundo la vipande vilivyokatwa mwishoni mwa nguzo, vya rangi ya kijani iliyofifia. Rundo kama hilo nilikuwa nikiliona kila siku kwa jirani, chini ya paa la jikoni, na mume wake alifanya kazi kwenye yadi ya namna hiyo.

Jumamosi nilienda nyumbani. Mama alinisikiliza, akachukua kisu, akakata ncha za juu kabisa za sukuma na kuzipanda kwenye magunia ya udongo uliotolewa mbali. Mistari yote aliing'oa. Kisha akaanza kuwapigia simu akina mama wa kikundi, mmoja mmoja. Katikati ya simu aligeuka.

"Wewe uliyeuliza kila kitu," akasema, "hukuuliza kuni zinatoka wapi?"

Nguzo za stima hulowekwa dawa yenye arseniki ili mchwa wasizile, na ukizichoma, sehemu kubwa ya sumu hiyo haiungui. Hubaki kwenye majivu.